Jiwe la Kidete Nililoliandika Ruaha

Siku yangu ya kwanza kazini, mjiolojia mkuu alinikabidhi nyundo, kisu na lenzi ya kutundika shingoni, akaniambia, "Binti, mtu akikuletea jiwe lililooshwa, kwanza mtazame yeye." Nilikuwa fundi wa sampuli, na ushauri ule niliushika kupita kiasi. Hata dereva wetu sikumwamini.

Zikaja siku za ruksa. Biashara ya vito ilifunguliwa, Mikumi ikajaa madalali. Mjiolojia wa kanda, bosi wangu wakati huo, nilimkuta kwenye mgahawa wa madereva wa malori akinywa chai na dalali mmoja, wanacheka. Tangu hapo akinisalimia tu, namtilia shaka.

Wiki ile ile, kwenye kilima juu ya Kidete, niligonga mwamba nikaona fuwele za kijani. Nilidhani ni kayanaiti, madini ya kawaida kule. Lakini kayanaiti ukiikwaruza kwa kisu kwa urefu inachorwa, kwa upana inagoma. Hii iligoma pande zote, tena ikakwaruza chupa. Tumalini, kito kingine cha kijani, nayo huwa na michirizi ya urefu. Hii haikuwa nayo. Nikaizungusha juani: upande huu kijani, upande ule kahawia. Ilikuwa konerupini, silikati adimu, yaani ya ukoo mmoja na mchanga, ambayo sisi tuliijua vitabuni tu.

Jioni bosi akaniuliza, "Umeitoa wapi hasa, mama?"

Hilo "hasa" lilinichoma. Nikajua anamuulizia dalali wake.

"Ruaha, bosi, ile ya jirani na Kidodi. Korongoni, juu ya mashamba ya miwa."

Nikaandika hivyo hivyo kwenye daftari la uwandani.

Maabara ikathibitisha jiwe. Bosi akaenda Ruaha mara tatu, peke yake na nyundo yake, akarudi na malengelenge. "Labda macho yangu yamechoka," aliniambia. Baadaye yule dalali mwenyewe akaniletea kadi ya harusi ya binti wa bosi, na hapo ndipo nilipojua kwamba ni shemeji yake, na siku ile ya chai walikuwa wanapanga sherehe. Niliona aibu kukiri. Bosi alifariki sijamwambia.

Sasa nimestaafu, niko Kilosa. Mwaka jana walikuja vijana wawili wajiolojia, wakaniamkia shikamoo, wakanionyesha nakala ya ukurasa wa daftari langu. Walikuwa njiani kwenda Ruaha.

"Wanangu," nikasema, "niliandika uongo. Jiwe lilitoka Kidete."

Wakatazamana. Mmoja akauliza kwa adabu, "Bibi, Kidete una shamba?"

"Ninalo, la mahindi."

"Aliyekwambia utuelekeze huko ni nani?"

Niliapa mpaka sauti ikakauka. Wakanishukuru, wakapanda gari, wakashika njia ya Mikumi, kuelekea Ruaha. Sikuwalaumu. Ningekuwa wao, nami nisingemwamini bibi kama mimi.