Jongoo Asiye na Macho na Jina Lililongoja

Nakumbuka asubuhi moja ya manyunyu, mwanangu, nikiwa na umri kama wako, niliposhuka hadi kituo cha kupimia majani chai, nje kidogo ya Kianjokoma, nikatangaza kwamba mdudu mpya amepatikana shambani kwetu na kwamba ataitwa kwa jina langu. Jambo la kwanza lilikaribia kuwa kweli. La pili nililitunga njiani.

Mdudu mwenyewe alikuwa jongoo. Usimfikirie yule mweusi mnene anayejikunja ukimgusa. Huyu ni mweupe, mwembamba kama uzi, mfupi kuliko punje ya mchele, na macho hana kabisa. Anaishi chini ya majani yaliyooza, mahali ambapo macho hayana kazi. Nilikuwa nikimsaidia mtafiti mmoja wa kike, tuliyemwita Daktari, katika kichaka cha miti ya miringa kilichobaki mwisho wa shamba letu. Tulitikisa udongo kwenye chekeche juu ya karatasi nyeusi, kisha tukangoja kitu kijongee.

Daktari alikuwa ameniambia wazi: "Nyaga, hawa wote ni majike na watoto. Jongoo hutambuliwa kwa miguu ya dume aliyekomaa, ile michache iliyogeuka umbo kwa ajili ya kujamiiana. Bila dume siwezi kusema ni wa jenasi gani."

Jenasi ni kama ukoo, mwanangu. Ndani yake mna spishi, kama nyumba za ukoo mmoja. Nilielewa vizuri. Lakini baba yangu alikuwa na miche ya chai inayongoja ardhi, na kichaka kile ndicho alichopanga kufyeka. Nilidhani mdudu akipata jina upesi, panga litarudi alani.

Neno halina miguu, lakini hutembea. Kesho yake jirani akaniita kutoka barabarani, "Baba Jongoo! Watoto hawajambo? Viatu vyao utamaliza lini kuvinunua?"

Habari zikamfikia Cucu, nyanya yangu mzaa baba. Yeye aliniita mume wangu, kwa kuwa kwetu Embu mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu yake, na mimi nilibeba la marehemu mume wake. Alikuwa akichambua njahi, maharagwe meusi ya kwetu, mlangoni.

"Mume wangu, nasikia umepata mtoto."

"Ni jongoo, Cucu."

"Wa nani?"

"Bado hatujajua."

"Na jina umeshampa." Akapuliza maganda kwenye ungo. "Wewe ulipozaliwa, jina lilikuwa linakungoja, kwa sababu watu wako tuliwajua. Mtoto ukimpa jina la kukisia, umempeleka boma la wengine. Akishazoea kuitwa huko, nani atamrudisha?"

"Cucu, baba atafyeka."

"Umemwambia baba yako asifyeke?"

 Nilikuwa nimeambia kituo kizima, mtu wa pekee mwenye panga sikumwambia.

Jioni hiyo nilimpelekea baba jongoo mmoja juu ya karatasi nyeusi. Aliinama, akatazama kwa muda.

"Hiki ndicho kinanizuia kupanda?"

"Ndiyo, baba."

"Na hata hakinioni."

"Hakina macho."

Akacheka kidogo. "Basi miche ingoje mvua moja. Moja tu, Nyaga."

Tulichekecha msimu wote, tukapata majike, watoto, na majike tena. Mvua zilipoanza kukatika, tukageuza gogo la muringa lililooza. Daktari akamweka mmoja chini ya hadubini, kisha akasema, "Njoo umwone baba wa watoto wako."

Baba naye aliitwa, akatazama. Miche akaipanda upande wa juu, palipokuwa na mahindi. Kichaka kipo hadi leo.

Jina lilichukua miaka mingi zaidi. Kila mguu ulichorwa, ukalinganishwa na miguu ya majongoo wa nchi nyingine. Kwa majike peke yao angeingizwa katika jenasi anayofanana nayo kwa nje tu. Ni mwaka huu maelezo yake yametoka, na ana jenasi yake mpya. Jina si langu. Cucu hakuishi kulisikia, lakini nadhani asingeshangaa.

Wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake. Mimi nimejifunza kwamba na mkata mti hutupa na jongoo wake, wala hajui alichotupa. Basi, mwanangu, usikipe kitu jina kabla hujakijua ni cha nani. Na ukiogopea kitu kuharibiwa, usikimbilie sokoni. Mwendee mwenye panga, umwonyeshe, umwombe muda. Watu wengi hutoa muda wakiombwa kwa heshima.

Mungu akupe mvua ya kutosha na moyo wa kuingoja, na chochote utakachokipa jina kikae nyumbani kwao.