Tukutuku Ndani ya Shimo la Makumbi

Mnaotaka kucheka chekeni sasa, maana nikishaanza sipendi kukatizwa: mimi ndiye yule mtu aliyefika kwa wakwe zake, siku ya posa, hana kanzu, ananuka hata mbuzi wakampisha njia. Nimezeeka hivi na bado nikipita kijiji cha Kanga najifunika uso.

Ilikuwa zamani za Mdachi, huyo Mjerumani, kabla ya vita. Desturi mnaijua: mposaji hukaa kwake, wazee ndio wanaokwenda. Ami Salimu, ndugu wa baba yangu, alikwishaondoka alfajiri na wazee wenzake juu ya punda, wanakwenda Kanga kunisemea kwa Zuhura, nami nilitakiwa nibaki Kilindoni niombe Mungu. Lakini nikaanza kuwaza. Ami ni mtu mpole, akiuziwa embe bovu husema ahsante. (Mimi nilikuwa mnunuzi wa mbata, hizo nazi kavu, kazi yangu kubishana na watu kutwa, na kila pakacha nalihesabu mara mbili, mara ya pili kwa sababu simwamini aliyehesabu mara ya kwanza, ambaye ni mimi mwenyewe.) Sasa mtu kama Ami ndiye akanipatanie mahari? Nikaona bora nami niende, nijifiche nyuma ya ua nisikilize, na mambo yakiharibika nikohoe.

Tajiri wangu, Mgiriki mwenye minazi, alikuwa na tukutuku, ndizo hizi mnazoita pikipiki. Nikamwambia nataka kwenda Bweni, kijiji cha mbele ya Kanga, kutazama mbata.

"Unajua kuiendesha?" akauliza.

"Najua."

Kuiwasha na kuipeleka nilijua. Kuisimamisha nilikuwa nimeona mtu akifanya, tena kwa mbali. Na hebu tazameni akili yangu: mtu anakwenda kusikiliza kwa siri, anapanda kitu kinachosikika mpaka Bwejuu, ng'ambo ya maji!

Ili nisiwapite wazee njiani nikashika njia ya maziwa. Jamani, safari ile! Minazi ikaisha, nikaingia kwenye maziwa madogo madogo ya kaskazini, maji yametulia yamejaa mayungiyungi, viboko wakainua vichwa wakanitazama, kisha wakazama taratibu kama watu wazima waliomwona mlevi. Halafu msitu, ubaridi na harufu ya majani mabichi, tumbili wananifuata juu kwa juu wakinitukana, na mimi kijana, kanzu ya melimeli inapepea, naimba kwa sauti ambayo hata mwenyewe siisikii. Siku hizi watu wanapita kule wamelala ndani ya gari. Mimi nikifumba macho bado napigwa na ule upepo.

Kumbe kupepea kule ndiko kulikoniponza. Upindo wa kanzu ukanaswa na mkanda wa gurudumu la nyuma, kanzu ikaanza kuliwa kutoka chini kwenda juu, na ilipofika kifuani ikabidi nichague kanzu au shingo. Nikainua mkono mmoja, kisha wa pili, nikavuliwa kama mtoto anayepelekwa kuogeshwa. Kikoi nacho kikaondoka nusu. Nikabaki na kofia na kipande cha kitambaa ambacho sitakieleza. Mwenye akili angegeuza arudi. Lakini kugeuza nako sikujua.

Njia ikateremka Kanga, pwani, na mimi nateremka nayo. Mbele nikaona uwanja wa mchanga laini, nikamshukuru Mungu, hapo ndipo pa kusimama. Na mama yangu mzazi alikuwa mponda makumbi! Toka utotoni namwona akizika makumbi ya nazi shimoni yaoze miezi na miezi, ndipo ayaponde apate nyuzi za kamba, na juu ya shimo anatandaza makuti na mchanga mpaka hulitambui. Nimeyajua hayo kabla sijajua kusoma. Nikaona uwanja.

Tukutuku ikazama, nami juu yake. Harufu ya makumbi mabovu sihitaji kuwaeleza, na asiyeijua namwombea asiijue. Wanawake waliokuwa wakiponda pembeni wakatupa michi.

"Yarabi, kiboko huyo katoka ziwani!"

"Kiboko gani anavaa kofia, shoga?"

Kelele ikawatoa watu majumbani. Mbele alikuwa mama yake Zuhura, nyuma Ami Salimu na wazee, vikombe vya kahawa bado mikononi.

"Shikamoo, mama," nikasema kutoka shimoni.

Akageuza uso, akavuta mtandio, maana mkwe hamtazami mkwe, tena mkwe wa namna ile. "Marahaba. Ami Salimu, ndiye huyu?"

Ami hakuwahi kusema uongo maishani. Akanitazama sana. "Simjui," akasema.

"Basi usiyemjua kanifukulia makumbi yangu kabla hayajaiva. Mpeni kaniki ajisitiri, ayazike upya."

Nikafunga kaniki ya kike, nikazika makumbi, na nyumba inamozungumzwa posa yangu ipo pale pale, karibu ya kutupa jiwe, lakini kwa vicheko vya wale wanawake sikusikia hata neno. Jua lilipoinama Ami akatoka.

"Umekubaliwa."

"Kwa mahari gani?"

"Waliyoitaja."

"Hukupunguza hata kidogo?"

"Kwa uso upi, mwanangu? Mchumba mwenyewe yuko nje na kaniki."

Akanieleza yaliyotokea. Zuhura aliulizwa kama anaridhia, na mwari kwa desturi hunyamaza, kimya chake ndiyo idhini. Yeye alikuwa amechungulia dirishani. Akacheka, akacheka mpaka akakaa chini, na wazee wakashauriana kicheko wakihesabuje, kwa kuwa hakuna aliyewahi kukisikia mahali pale. Wakaamua kinazidi kimya.

Tukutuku ilivutwa na punda wa Ami. Mgiriki alinioshesha ile mashine wiki nzima, kisha akaiuza.

Toka siku ile niliapa, na kiapo nimekitunza: wanangu na wajukuu wameposa wote, nami nimekaa nyumbani, bei naletewa. Zuhura ametangulia mbele ya haki. Kicheko kile nikikipata kwa mtu anayekiuza, nitampa anachotaja, na sitabishana.