Sauti Kwenye Magofu ya Watawa

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi hivi, tulikaa Beechmont, kusini mwa Louisville: mama, bibi na mimi. Kila Jumamosi mama alikwenda nami kazini kwake, kwenye nyumba ya shamba nje ya mji, alikomtunza mzee mmoja wa Kizungu, Bi Ruth. Ubavuni mwa nyumba hiyo palikuwa na magofu ya makao ya watawa wa zamani. Kuta za mawe, paa hakuna, na mti umeota penye altare. Nilitamani kuingia tangu siku ya kwanza.

Bibi, aliyekimbia Burundi na mama akiwa mdogo, alinionya.

"Nyumba iliyoachwa haikai tupu. Ukiitwa na humwoni anayekuita, usiitike."

"Nikiitika?"

"Utakwenda naye."

Nikamjibu kwa Kiingereza kwamba huo ni ushirikina, hapa ni Amerika.

Mchana mmoja Bi Ruth alikuwa amelala, mama anafua. Nikaingia. Nilichungulia vyumba vya watawa, nikijiuliza watu wazima walijinyooshaje mle. Ndipo nikasikia, nyuma ya ukuta, sauti ya mwanamke: "Inamahoro."

Jina langu. Sikuitika, nilitimua mbio hadi kwa mama.

"Umeniita?"

"Mimi? Hata."

Nilipomweleza nilichosikia, alinishika mkono tukarudi wote. Nyuma ya ukuta tulimkuta Bi Ruth ameanguka kwenye majani, na gauni la kulalia, midomo imekuwa buluu kwa baridi. Alikuwa ametokea mlango wa nyuma. Mama alimfunika sweta lake, akapiga simu, na gari la wagonjwa likamwahi.

Alipopata nafuu nilimwuliza alijifunza lini kulitamka jina langu, maana siku zote aliniita "mpenzi" tu.

"Sikuita mtu, mpenzi," akasema. "Pumzi ningeitoa wapi?"

Nilipomsimulia bibi, hakujisifu. Aliendelea kuchambua maharage. Nilikuwa mtu mzima aliponieleza kwamba wakati wa vita watu waliitwa kwa majina, usiku, kutoka nje ya mlango. Dada yake aliitika, akatoka, hakurudi tena. Bibi akamziba mama mdomo kwa kiganja mpaka kukacha.

Nani aliniita siku ile, sijui, na nimeacha kulazimisha jibu. Ila nilichokiita ushirikina ndicho kilichomfanya mama yangu aishi, nami nikazaliwa.