Ndama wa Msumeno

Baba mkwe wangu alikuwa mwaminifu kupita kiasi, na uaminifu wake nusura uniulie mtoto. Nasema hivyo bila kumung'unya maneno.

Miaka ya hamsini, nilipoolewa Nyambureti, kulikuwa na maktaba ndogo pembeni mwa baraza. Ilikuwa na kabati la vitabu, na kabati jingine, lililopendwa zaidi, la vitu vya kuazima: msumeno, randa, pasi ya mkaa, mkasi wa nguo. Mwalimu aliyeitunza alikuwa na sharti moja tu: ukimaliza kazi rudisha, mwenzako naye atumie.

Mume wangu alikuwa ameenda kufanya kazi mgodini, akaniachia nyumba yetu imeezekwa lakini haina mlango. Nikawa nalala kwa mama mkwe, mtoto wangu mchanga kifuani, moshi umetanda, naye anakohoa mpaka midomo inabadilika rangi. Dresa wa zahanati aliniambia, "Mama, huyu mtoto mtoe kwenye moshi, la sivyo utampoteza." Nimtoe nimpeleke wapi? Fisi walikuwa wanapita uani hata jua halijazama vizuri. Nilihitaji mlango, basi.

Baba mkwe akaenda maktaba kuazima msumeno apasue mbao. Nilifurahi, wacha we! Lakini kabla hajagusa hata ubao mmoja, akatembelewa na rafiki yake wa kijiji cha Nyansurura. Yule bwana akauona msumeno, akausifu weee, na jioni akaondoka nao.

Hakupewa bure. Baba mkwe alimwekea, kama kwetu tunavyowekeana ng'ombe: unampa rafiki ng'ombe wako akae naye, anywe maziwa, na ndama wakizaliwa ni wa mwenye ng'ombe. Na ng'ombe uliyemweka kwa mtu huendi kumdai keshokutwa, ni matusi. Mimi kama mke wa mwanawe sikuruhusiwa hata kumtazama mzee usoni, sembuse kumuuliza. Nikamtuma mama mkwe. Akarudi na jibu: "Anasema msumeno uko mahali pazuri." Mahali pazuri! Nilisonya mpaka mama mkwe akaniambia nichunge mdomo.

Mvua zikaanza. Mtoto akaacha kunyonya vizuri. Nilimpakata nikisikiliza kifua chake kinavyokoroma, nikalia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira zaidi kuliko huzuni.

Ndipo rafiki wa Nyansurura akaja, msumeno begani, na nyuma yake punda amebeba mlango. Mlango mzima, wa mbao nzito, na bawaba zake.

"Ng'ombe wako amezaa," akamwambia baba mkwe, akacheka.

Nilipiga kigelegele palepale uani, nikakimbia ndani kukunja ngozi yangu ya kulalia. Nilipotoka, baba mkwe alikuwa anauzunguka mlango, anaugongagonga.

"Ng'ombe huyu si wangu," akasema. "Ni wa maktaba. Na ndama ni wa maktaba."

Akamgeuza punda.

Jamani! Nikamfunga mtoto mgongoni, nikawafuata kwenye matope mpaka barazani. Nilikuta mlango umeegemezwa ukutani pamoja na msumeno, mwalimu ameduwaa, hajui ashukuru au acheke, na mzee anamwambia, "Mura, kijana wangu, pokea mali yenu."

Mwiko ni mwiko. Sikumtazama mzee. Nilimtazama mwalimu, nikapaza sauti ili masikio yanayohusika yasikie.

"Shikamoo mwalimu. Nimekuja kuazima."

"Marahaba, mama. Unaazima nini?"

"Mlango huo."

Mwalimu akamgeukia mzee. Mzee akatazama chini. Mtoto akakohoa mgongoni mwangu, kile kikohozi chake kirefu.

"Utaurudisha lini?" mwalimu akauliza, sauti imeshuka.

"Ukizaa," nikasema.

Rafiki wa Nyansurura alikuwa ameshaondoka na punda wake. Baba mkwe aliuinua mlango mwenyewe, akaubeba kichwani mpaka nyumbani, mvua inamnyeshea, mimi nyuma yake na mtoto. Aliufunga kwenye nyumba yangu siku hiyohiyo.

Hadi leo haujazaa.