Nta ya Chumba cha Mama

Mimi hutengeneza mishumaa jikoni kwangu, hapa Tunduma. Natengeneza ile mifupi ya kuweka kwenye glasi, ambayo watu wa parokia huiwasha wanapokuwa na nia zao, na vipande vya nta visivyo na utambi ambavyo wateja wangu wameviita vikeki vya harufu. Kikeki unakiweka kwenye kidishi cha udongo, chini yake unawasha kishumaa, kinayeyuka taratibu na chumba kinanukia. Watu wa saluni wanavipenda, wa gesti wanavipenda zaidi, na sababu ya gesti kuvipenda mimi siulizi.

Nilijiona fundi wa harufu mpaka Mama alipohamia kwangu.

Kiharusi kilimshika upande wa kulia akiwa kwake Ileje, nikamleta mjini na kumpa chumba cha nyuma. Mama yangu ni mtu wa usafi wa kukera. Nikiwa mdogo aliwahi kunirudisha njiani tukienda kanisani kwa sababu ya kola. Sasa mtu huyo alikuwa analala juu ya shuka la mpira, akisubiri mimi nije kumgeuza, na mkojo haukuwa unamsubiri mtu. Nilifua, nilipiga deki, nilianika godoro. Harufu ilibaki, na yeye aliisikia kuliko mimi.

Wanawake wa jumuiya walikuja kumwona, akakataa wasiingie. Wakarudi wiki iliyofuata, akakataa tena. "Waambie nimelala," ananiagiza, macho kodo. Nikawa nasimama mlangoni kuwadanganya watu walioshika rozari. Uongo haukuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba Mama anapenda watu kuliko chakula, na nilimwona ananyauka kwa kukosa mtu wa kubishana naye. Mimi peke yangu sikutosha. Tulikuwa tumebishana yote, tumeyamaliza.

Nikajiuliza, kwani kazi yangu mimi ni ipi?

Nilianza na parafini. Naichukua Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kwa mzee mmoja anayemwita kila mtu mukwai kwa heshima, hata anapompunja. Parafini ni ngumu, nyeupe, na inatoa harufu kwa nguvu. Ukitaka watu wainuse kutoka barabarani, hiyo ndiyo nta yako. Nikaitia marashi ya waridi bila uchoyo, nikawasha chumbani kwa Mama, nikangoja kusifiwa.

Akavuta pumzi. Kisha machozi yakamtoka.

"Mmeshaniweka kwenye jeneza?" akaniuliza.

Nilitamani sakafu inimeze. Kwetu marehemu hupuliziwa manukato kabla ya kuagwa, na mara nyingi ni waridi hilo hilo la chupa. Mama ameogesha na kuvisha maiti wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na kwenye misiba hiyo nimekaa naye mimi mwenyewe. Halafu nikaenda kumnukishia msiba wake akiwa hai! Nilizima, nikafungua dirisha. Vumbi la malori likaingia, nikaona afadhali vumbi.

Nikahamia kwenye nta ya soya, ambayo mimi huiagiza Dar. Ni laini, haina moshi, na nilidhani kifua cha Mama kitaipenda. Safari hii nikatia mchaichai kidogo tu. Mama akanusa kama mtu anayeonja mchuzi.

"Nasikia chai," akasema. "Na chini ya chai nasikia mkojo."

Alikuwa sahihi. Soya ni nta ya upole, na chumba kile kilihitaji mgomvi.

Ikabaki nta ya nyuki. Nilikuwa nayo bonge zima kutoka Isongole, jeusi jeusi, na kusema kweli sikuwa naipenda. Unaichuja kwa kipande cha kanga, unaichuja tena, bado unakuta miguu ya nyuki. Inang'ang'ania kwenye vibati vya kuimiminia. Ukiitia marashi yoyote inayameza, inabaki kunukia yenyewe, asali na moshi na gome la mti lililolowa. Mwenye saluni ukimpelekea hiyo atakufukuza. Niliiyeyusha, nikaichanganya na mafuta ya nazi ilainike, nikaiacha hivyo hivyo bila manukato. Wala si kwa akili. Nilikuwa nimechoka.

Nikaibeba kwenye kidishi kumpelekea. Sijafika hata mlangoni, Mama akageuza kichwa.

"Hiyo nta ya ngoma," akasema.

Sikuelewa. Akanieleza kwa ulimi wake mzito, na kwa mara ya kwanza tangu augue hakukasirika nilipomwomba arudie. Ujanani alikuwa mpiga ngoma wa kwaya yao kule milimani. Nta ya nyuki unaipasha moto, unaikanda, unaibandika katikati ya ngozi, ndipo ngoma inaacha kulia kama debe na inatoa sauti nzito. Nimeishi na mama huyu miaka yote na sikujua kwamba aliwahi kupiga ngoma. Akanyoosha mkono wa kushoto, akamega kipande kilichoanza kuganda pembeni ya kidishi, akakikanda kwa vidole.

"Wenzangu walikuwa wanaweka nyingi mno," akasema, na ule ubishi wake nikauona unarudi usoni. "Hao wanawake wanakuja lini?"

"Jumamosi, Mama."

"Waache waingie. Ila uiwashe hii mapema."

Jumamosi niliwasha kikeki mapema kabisa. Wakaingia, wakajaa, wengine wakakaa chini. Nami nikasimama pembeni nanusa kama mbwa. Ndipo nikaisikia, nta juu na mkojo chini, mbichi. Nikamtazama Mama. Alikuwa ameshika ukingo wa blanketi kwa mkono wake mzima, amelikaza, na hatazami mtu.

Mwenyekiti wao, mjane anayeuza ndizi sokoni, naye aliisikia. Nilimwona. Nilijua huyu akikunja pua tu, mlango ule haufunguki tena.

Akaweka rozari yake juu ya stuli.

"Mama, umelowa," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeomba chumvi. "Tusali hivyo hivyo, au tukubadilishe kwanza?"

Mama akamkazia macho, muda mrefu. Halafu akaliachia blanketi.

"Nibadilisheni," akasema. "Ila huyu mwanangu atoke. Mikono yake ya baridi."

Nikatoka. Nilikaa jikoni katikati ya masufuria yangu nikilia kwa furaha, na kwa wivu pia, nikimsikiliza Mama akiwagombeza watu wazima kwamba hawajui kutandika shuka.