Programu Isiyopiga Kengele

Mtaani walimwita Mzee Vishindo, na jina lilimkaa sawasawa. Maisha yake yote alikuwa akitengeneza vishindo redioni, katika idara ya michezo ya kuigiza. Kila kilichosikika ambacho si maneno kilikuwa chake: mlango uliofungwa kwa hasira, kikombe kinachoanguka, nyayo za mtu anayerudi nyumbani na habari mbaya. Nyayo hizo alizipata kwa sanduku la kokoto na viatu vya mkewe. Moto aliuwasha kwa kukunjakunja mfuko wa nailoni mbele ya maikrofoni, na watu wazima na akili zao wakakaa sebuleni wakilia machozi kwa ajili ya mfuko wa nailoni.

Alipostaafu alibeba kanda zake zote, akazihamishia kwenye kompyuta taratibu, moja baada ya nyingine. Kanda zenyewe baadaye ziliingia ukungu zikatupwa. Kwa hiyo kila alichowahi kukisikia na kukinasa kilikuwa sasa ndani ya kompyuta moja kuukuu, chumba cha nyuma, kando ya dirisha. Mchana aliketi pale, pazia likijaa upepo na kunywea, cherehani ya mkewe ikinguruma chumba cha pili, naye akielea tu, hayuko macho wala hajalala. Ulikuwa ndio wakati wake mzuri kuliko yote.

Kisha kompyuta ikaanza kuzima yenyewe. Ikamlazimu kumwita shemeji yake, mdogo wa mkewe, fundi wa kompyuta asiyeishiwa maneno.

"Shemeji, diski hii imekula chumvi nyingi kuliko wewe," alisema fundi baada ya kuichungulia. "Siku ikigoma, ndiyo basi tena."

"Na sauti zangu?"

"Zinakwenda nayo."

Mzee Vishindo alijiona kama mtu aliyeambiwa nyumba yake itabomolewa, ila siku haijapangwa. Fundi akamwonea huruma. Akachomeka diski ya nje, akamwekea programu tatu za kuhifadhi nakala, zote za watu wasiotaka makuu.

"Kila moja inanakili mafaili yako, na mfumo mzima wa kompyuta pia. Kompyuta hii ikifa, unahamia nyingine na kukuta kila kitu kilipokuwa. Zijaribu zote, uchague moja. Halafu rudisha faili moja kwenye folda nyingine, ulisikilize. Usiniamini mimi."

"Lini nilikuamini wewe? Nitajuaje kama imemaliza?"

"Zinalia. Kila moja na kengele yake."

Hapo mzee akachangamka. Mtu mwingine angeuliza ipi ina kasi, ipi haili nafasi. Yeye aliamua palepale kwamba atakayemwachia sauti zake ni yule mwenye kengele nzuri. Wazimu wa aina hiyo haukumpata uzeeni, alizaliwa nao.

Programu ya kwanza ilikuwa na vitufe vingi vya kumtia mtu kizunguzungu. Alibonyeza kile kikubwa, akafumba macho, akatega sikio. Ilikuwa raha kungoja hivyo. Alijichorea kengele yenyewe kichwani: nyembamba, safi, ya kijiko kikigusa glasi. Jua lilihama kutoka mezani likaingia sakafuni. Kengele haikuja. Alipofumbua macho kioo kilikuwa kimeshazimika kujipumzisha, naye akasema programu imeganda, akaifuta.

Kesho yake akajaribu ya pili, iliyokuwa na maswali kama karani. Nayo akaingoja mpaka shingo ikamuuma, nayo akaifuta kwa hasira. Siku hiyo kompyuta ilizima tena, ikachukua muda mrefu kuamka, na mzee akakaa mbele yake roho mkononi.

Ikabaki ya tatu. Hii aliipenda mara moja. Ilikuwa na vitufe viwili tu, Weka na Rudisha, na swali moja: mafaili peke yake, au pamoja na mfumo? Akachagua vyote, akabonyeza Weka, akafumba macho. Safari hii hakuelea. Alikuwa anaomba. Cherehani ilinguruma chumba cha pili, ikanyamaza, ikanguruma tena. Lori likapita barabarani. Kengele, wapi.

Mkewe akaja kusimama mlangoni, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni.

"Mzee, hicho kidude chako kitanyamaza lini? Tangu nianze kupinda hii suruali kinanililia tu."

"Kinalia?"

"Hicho hapo."

Mzee Vishindo alikigeukia kioo. Akainamisha kichwa mpaka shavu likakaribia kugusa spika. Akatazama uso wa mkewe, akaona kwamba hatanii.

"Na zile mbili nyingine?" akauliza.

"Zililia pia. Nikadhani unaburudika. Wewe na kengele zako, nani akuingilie?"

Alikuwa anakumbuka simu aliyoirudisha dukani akisema ni mbovu, haiiti, na jinsi alivyogombana na muuzaji mpaka watu wakasimama kutazama. Alikuwa anakumbuka ndege wa nje ya dirisha, ambao kwa muda mrefu alimwambia kila mtu kwamba wamehama mtaa.

"Ndege wapo?" akauliza polepole.

Mkewe alisogeza pazia. "Wapo. Wanagombana juu ya waya kama kawaida yao."

Aliogopa. Si ndege waliohama, ni masikio yake yaliyoacha kushika sauti nyembamba, na kwa muda chumba chote kilionekana kiko mbali naye. Mkewe hakumpa pole. Alivuta kiti cha pili, akaketi, akakikazia macho kioo.

"Mbona hata bila kengele inajieleza? Tazama alama ya kijani, kubwa kama sahani. Chukua hii hii. Sasa yule mdogo wangu alisema tufanye nini?"

"Turudishe faili moja. Tulisikilize."

"Basi turudishe."

Alibonyeza Rudisha, akachagua faili la mvua, akamvisha mkewe vipokea sauti masikioni. Akamtazama mdomo.

"Mvua," alisema mkewe. "Ya kwenye bati. Kuna ndoo inajaa." Akavikandamiza vipokea sauti kwa viganja. "Kuna mwanamke anacheka."

"Enhe."

"Ni mimi huyu?"

"Ni wewe. Nilitega maikrofoni dirishani, ukaja mbio na nguo ulizoanua kambani zimeloa chapachapa, ukanivurugia kazi. Bosi akaniambia nikate hicho kicheko."

"Hukukata?"

"Kwenye mchezo nilikata. Hapo sikukata."

Mkewe alivua vipokea sauti, akamvisha yeye. Mzee akafumba macho. Mvua ilikuja, nene, ya chini, akaijua. Ndoo akaisikia. Akangoja mahali pale alipopajua kwa moyo, mvua ikapita juu yake, ikaendelea. Alifumbua macho, akakuta mkewe anamtazama, na akatamani sana kumdanganya.

"Nimesikia mvua tu," alisema.

Mkewe alimshika mkono.

"Kicheko kimo," akasema. "Mimi nimekisikia. Kimo chote."

Chumba cha pili suruali ya mteja ilibaki chini ya sindano, mguu mmoja umepindwa. Mzee Vishindo alivua vipokea sauti, akavipangusa kwa kiganja, akamrudishia mkewe masikioni. Kisha akarudisha faili lililofuata, akamtazama mdomo.

"Na hili?" akauliza.