Kikombe Nisichokitikisa

Mwaka wangu wa kwanza Dubai nilikuwa mlinzi wa jengo moja Al Twar, na jioni nilifanya mazoezi ya baiskeli na rafiki yangu, Mzanzibari aliyezaliwa hukohuko Dubai. Jamaa hakuwa na huruma. Tulikimbizana mpaka miguu ikatetemeka, kisha tukapumzika kwa mama yake.

Mama alitumiminia gahwa, kinywaji cha manjano chenye iliki tele. Kwetu Bukoba "chai" ni chochote cha asubuhi, hata uji, nikadhani gahwa nayo ni jina tu la kinachopewa mgeni. Nikaamua ni dawa ya uchovu.

Nikimaliza, anamimina. Nimelelewa kwamba ukimiminiwa na mzazi unakunywa, basi nakunywa. Anamimina tena. Vikombe vyenyewe vidogo, lakini vilikuwa haviishi.

Usingizi ukanihama. Nilikuwa nalala chali, moyo unadunda, miguu inapiga pedali hewani, kitanda chetu cha ghorofa kinayumba. Mkenya wa chini yangu alikuwa akiniuliza, "Buda, tumefika wapi sasa?"

Mchana nikawa nasinzia getini. Msimamizi wetu, tuliyemwita sir, alinikuta nimelala. "Nikikukuta tena, khalas, kazi basi, unapanda ndege." Niliogopa kweli. Nyumbani walinichinjia mbuzi wa kuniaga. Ningerudi na sura gani?

Nikaenda kumwambia mama kwamba naacha baiskeli, mazoezi yananinyima usingizi.

"Ila gahwa usininyime, mama. Ndiyo inayonipa nguvu."

"Mwanangu, hulali, na kahawa waitaka vilevile?"

"Kahawa gani?"

Akanitazama. Kumbe buni ikikaangwa kidogo tu haitoi weusi. Mimi, niliyepalilia mibuni kabla sijajua kusoma, niliyelipiwa ada kwa kahawa, nilikuwa siijui! Rafiki yangu alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Sasa mbona ulikuwa unanimiminia tu?" nikauliza, nimekasirika.

"Na wewe mbona hutikisi kikombe?"

Huko, aliyetosheka hutikisa kikombe. Usipokitikisa, mwenyeji hawezi kukuacha mkavu. Siku zote hizo mimi nilikuwa namheshimu, na yeye maskini anashangaa nina tumbo la namna gani.

Nikakishika kikombe alichokuwa amenimiminia, nikakitikisa kwa nguvu mpaka matone yakamrukia. Usiku huo nililala fofofo.

Kesho yake sir alipita getini, akasimama, akanikagua macho kwa mashaka.

"Leo uko macho. Umekunywa kahawa?"

"Nimeacha, sir."